Kutoboa tangi la kioo na kuziba maji kwenye vivariamu ya kujitengenezea

Wanaoniletea tangi nilitoboe huanza na bei ya biti ya drili. Mimi huanza na kioo chenyewe, kwa sababu kuna kioo kinachotoboka na kuna kisichotoboka hata fundi awe hodari vipi. Hicho cha pili ni kioo cha tempa. Kiwandani hupashwa moto kupita nyuzi 600 za selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Uso wake hubaki umebanwa, na ndani kunabaki mvuto unaoshindana nao. Ukiuvunja uso huo mahali pamoja tu, kioo kizima kinakuwa changarawe.

Matangi mengi ya dukani yana kuta za kioo cha kawaida na sakafu ya tempa, kwa hiyo kupima ukuta mmoja hakutoshi. Vioo vya milango ya maduka vinavyouzwa rahisi baada ya jengo kubomolewa navyo mara nyingi ni tempa. Namna ya kutambua ni hii: washa skrini ya kompyuta iwe nyeupe tupu, vaa miwani ya jua ya polaroidi, ile wavuvi wanaipenda kwa kukata mng'ao wa bahari, kisha inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Sasa kiweke kioo katikati. Ukiona madoa au michirizi ya mwanga, hasa karibu na kingo, weka drili chini. Weusi ukibaki sawa kote, ni kioo cha kawaida.

Kwa vivariamu, yaani tangi au sanduku la kuoteshea mimea au kufugia viumbe vidogo, mimi hupendelea shimo la ukuta wa nyuma kuliko la sakafu. Chini kunakaa tabaka la kokoto la kupokea maji yanayochuja kutoka kwenye udongo; shimo likiwa chini kidogo ya usawa wa udongo, maji yakizidi yanatoka yenyewe kabla mizizi haijaoza. Tena shimo la ukutani likivuja, linamwaga mpaka usawa wake tu. La sakafuni linamwaga yote. Kutoka ukingo wa shimo hadi ukingo wa kioo acha nafasi isiyopungua upana wa shimo lenyewe.

Tumia biti ya duara yenye chembe za almasi, ipite kwa milimita moja au mbili unene wa nyuzi za konekta, kile kiungo chenye mpira na nati kinachopitisha bomba kwenye shimo. Pima konekta uliyonunua kwa mkono wako. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Kilaze kioo juu ya povu au blanketi iliyokunjwa, ubandike tepu upande wa chini, na uzungushie mahali pa shimo ukingo wa plastisini ili ushike maji. Drili iwe ya betri, kwa kuwa maji na waya wa umeme havikai pamoja. Anza ukiwa umeilaza biti kidogo mpaka ichonge mfuo, kisha isimamishe taratibu. Kwa biti ya milimita 30 hivi, nenda chini ya mizunguko 1,000 kwa dakika, na uzito wa drili yenyewe unatosha. Maji yakigeuka kama maziwa, badilisha. Maji hayo hupoza kioo na pia hushika vumbi lake, ambalo si la kuvuta kifuani. Ukikaribia kutokea upande wa pili, legeza mkono kabisa. Hapo ndipo vioo vingi hupasuka.

Konekta haihitaji silikoni. Mpira wake ukae upande wa kichwa, ndani ya tangi, nati ikazwe kwa mkono na kuongezwa robo mzunguko.

Silikoni ni ya viungo vya kioo kwa kioo, na hapo haina mpinzani. Nunua isiyo na dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo huua pia viumbe. Ile yenye harufu ya siki inafaa, ila asidi yake hula chuma, basi isigusane na wavu wa mabati. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani: kwangua yote kwa wembe, pangusa kwa spiriti, acha pakauke. Hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kutoka nje kuingia ndani, milimita mbili au tatu kwa siku. Kwa unyevu wa Mombasa ngozi ya juu hujifunga upesi, kwa hiyo laini kiungo na uvute tepu mara moja.

Kwa sanduku lisilo la kioo, plaiwudi ndiyo inayowashinda wengi. Mbao za jahazi zikilowa huvimba na kubana pamba ya kalafati, chombo kikazidi kukaza. Plaiwudi ikilowa huvimba ikaachana matabaka. Kwa hiyo maji yasiiguse kabisa, na silikoni peke yake haitoshi kwa sababu ubao unatanuka na kusinyaa mpaka kiungo kinabanduka. Paka epoksi, ile gundi ya majimaji ya kuchanganya sehemu mbili, na pembeni laza kitambaa cha faiba, kama wanavyofanya wajenzi wa boti za faiba. Kingo zilizokatwa hunywa zaidi. Zipe koti la ziada.

Hapa kwetu hali ya hewa inatawala kazi hii. Epoksi ikikaa kikoponi hujipasha moto yenyewe ikaganda kabla hujamaliza, basi changanya kidogo na uimwage kwenye sinia pana. Paka alasiri jua likishuka. Asubuhi ubao unapopata joto, hewa iliyomo ndani hutanuka, ikatoa mapovu yanayoacha vitundu vidogo, na kila kitundu ni mlango wa maji. Kesho yake ukikuta utelezi kama mafuta juu yake, huo ni utando unaoletwa na unyevu. Osha kwa maji, piga msasa, ndipo uweke koti la pili.

Kisha jaribu kabla ya udongo. Ziba konekta, tandika gazeti kavu chini, jaza maji mpaka usawa utakaotumia, uache siku mbili. Maji ya kina cha sentimita 10 husukuma sakafu kwa gramu 10 kila sentimita mraba, liwe sanduku dogo au kubwa. Kinachohesabika ni kina.

Makumbi ya nazi yanafaa sana kwenye udongo na kupamba ukuta wa nyuma, lakini yaliyoloweshwa ufukweni yana chumvi inayounguza kangaga na kuvumwani. Yaloweshe kwenye maji matamu, ukimwaga na kubadilisha mpaka chumvi isisikike ulimini. Na kama unataka kumweka kinyonga au chura wa porini humo, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inadai kwanza kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mimi najenga za mimea, na vinyonga nawaangalia kwenye miti ya uani.