Kivuko cha waenda kwa miguu: kikae wapi?

Kivuko cha waenda kwa miguu, yaani zebra, ni sehemu ya barabara ambapo dereva anapaswa kumpisha anayevuka. Mistari myeupe haisimamishi gari. Usalama unategemea zaidi mahali ilipochorwa.

Anza pale watu wanapovuka tayari. Kwa Ngamiani, mjini Tanga, simama karibu na Soko la Mgandini au geti la shule, saa 12 hadi saa 2 asubuhi, uhesabu wanaovuka kwenye kila mita 20 za barabara. Mama mwenye beseni la samaki kichwani hatazunguka mita 100 kuifuata rangi. Zebra ikiwa mbali, watu watavuka palepale pa zamani, na madereva wataizoea ikiwa tupu. Hilo ni baya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu siku mtoto akiiamini, hakuna atakayepunguza mwendo.

Halafu pima uoni. Barabara ya mita 7, kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, huvukwa kwa sekunde 6 hivi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 83 katika muda huo. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji karibu sekunde 9, yaani gari lionekane likiwa mita 125. Chuchumaa ukingoni mpaka ulingane na mtoto wa darasa la kwanza, kisha tazama kulia na kushoto. Genge au bajaji iliyoegeshwa ikiziba, iondolewe, au kivuko kisogezwe.

Vituo vya daladala ndivyo vinavyoharibu zaidi. Daladala isimame ikiwa imeshapita kivuko kwa mita 10 au zaidi, abiria wavukie nyuma yake. Wakivukia mbele, bodaboda anayeipita daladala hamwoni mtu mpaka ameshamfikia.

Barabara ikiwa na njia mbili kila upande, gari la kwanza husimama na la pili, kwenye njia ya pembeni yake, likapitiliza kwa kuwa dereva wake hamwoni anayevuka. Chora mstari wa kusimamia mita 5 kabla ya zebra, na katikati weka kisiwa chenye upana wa mita 2, baiskeli ienee. Tanga ni mji wa baiskeli.

Mtaro ufunikwe pande zote mbili, na maji yasituame hapo wakati wa masika, la sivyo watu watahama. Taa iwe kabla kidogo ya kivuko, upande magari yanakotokea, imulike ubavu wa mtu ambao dereva anauona.