Dawa ya gauti haikukuzidishia ugonjwa

Sanduku la maoni la kliniki yetu ya viungo linaleta lalamiko lile lile: "Mmenipa alopurino, mguu ukavimba zaidi." Alopurino ndiyo dawa ya kushusha yuriki asidi inayoleta gauti. Yupo aliyedai tunatoa dawa zilizopitwa na muda, na mwingine kwamba tunampimapima damu ili tule hela yake. Naomba nifafanue, ingawa makala haya hayachukui nafasi ya daktari wako.

Gauti, au jongo, huletwa na yuriki asidi inayozidi kwenye damu na kuganda kuwa fuwele zenye ncha kama sindano ndani ya kiungo, hasa kidole gumba cha mguu. Kwa wengi tatizo ni figo kushindwa kuitoa. Alopurino ikiishusha, fuwele zilizojikusanya kwa miaka huanza kumomonyoka, na kiungo kinaweza kuwaka tena miezi ya mwanzo. Kwa hiyo dozi huanza na miligramu 100 au pungufu, ikapandishwa taratibu, na mara nyingi utaandikiwa kolchisini, dawa ya kukinga mashambulio hayo, kwa miezi 3 hadi 6. Ukishikwa na maumivu ukiwa tayari unameza alopurino, endelea nayo. Maumivu tutayatibu kivyake. Vipele, homa au vidonda mdomoni ni jambo jingine: acha dawa siku hiyo hiyo, uje na boksi lake.

Kuhusu "kupimwapimwa": damu hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 wakati dozi inapanda, mpaka yuriki asidi iwe chini ya mikromoli 360 kwa lita. Mashine nyingine huandika miligramu 6 kwa desilita. Ni kitu kimoja. Aliyepimwa mguu ukiwa umewaka akaambiwa "uko kawaida" atapimwa tena wiki 2 au zaidi baada ya uvimbe kutulia, kwa sababu wakati wa shambulio kiwango huweza kushuka. Hatuli hela yako. Uje pia na dawa zako zote, zikiwemo za presha zinazokojoza na za kifua kikuu, maana pirazinamidi, mojawapo ya hizo za kifua kikuu, hupandisha yuriki asidi. Usiziache kwa uamuzi wako.

Sasa nyama. Kila wiki naambiwa, "Daktari, mimi kitimoto niliacha, gauti imetoka wapi?" Chakula peke yake hushusha kiwango kidogo tu. Punguza maini, utumbo, dagaa, soda na hasa bia. Maharage hayajaonekana kuongeza mashambulio, lakini watu wanayakimbia maharage na kubaki na bia!

Na sindano ya diklofenaki ya duka la dawa kila mguu unapouma inatuliza maumivu, fuwele zinabaki pale pale, na figo ndizo zinazoumia. Maumivu yakiisha, alopurino haiishi. Wengi wataimeza kwa miaka.

Mlioandika bila majina, rudini kliniki na maboksi yenu. Hatutauliza nani alilalamika.