Je, wajua kwa nini bingwa wa raga hupotea kwenye uwanja wa kandanda ya Kiaustralia?

Juni 2010, Israel Folau alikuwa na miaka 21 na tayari alikuwa ameyapata mambo ambayo wachezaji wengi wa raga ya watu 13 huyasaka hadi wanastaafu. Aliingia ligi kuu ya Australia mwaka 2007 na klabu ya Melbourne Storm, akafunga trai 21 (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) msimu wake wa kwanza, na kabla mwaka haujaisha akavaa jezi ya taifa akiwa na miaka 18. Hakuna aliyewahi kuivaa akiwa mdogo kuliko yeye. Kisha akatangaza kwamba anaiacha raga. Anakwenda kucheza kandanda ya Kiaustralia, mchezo ambao hakuukulia, katika klabu ya Greater Western Sydney ambayo wakati huo ilikuwa haijacheza hata mechi moja ya ligi. Magazeti yakaandika kuhusu mkataba wa miaka minne, takriban dola milioni 6 za Australia.

Mwaka 2012 akashuka dimbani. Mechi 13, magoli 2. Novemba mwaka huohuo akaondoka.

Swali hili limenikaa kichwani kwa sababu ukiitazama michezo hii miwili kwa mbali, unaona ndugu wa tumbo moja. Mpira una umbo la yai kotekote. Mikono inaruhusiwa. Watu wanakabana na kuangushana chini. Folau alikuwa na urefu, alikuwa na mbio, na mikono yake ilikuwa haiachii mpira wa juu hata akizongwa na watu watatu. Sasa alikwama wapi?

Wengi hujibu haraka kwamba alishindwa kupiga mpira kwa mguu, au pumzi zilimwishia. Hayo yapo, nitayafikia. Lakini mimi naamini tatizo kubwa lilikuwa macho: wapi pa kutazama, na hatari inatokea upande gani.

Sisi tunaofuata raga kutoka Nairobi, tuliozoea kukaa jukwaani siku za Safari Sevens, mashindano ya raga ya watu saba, tumeizoea kanuni moja kiasi kwamba hatuioni tena: mpira haupasiwi mbele kwa mkono. Kanuni hiyo peke yake ndiyo inayoupanga uwanja mzima. Wenzako wote wako nyuma yako au kando yako, wapinzani wote wako mbele. Pigo linatoka kulekule unakotazama. Raga ya watu 13, aliyokulia Folau, ina utaratibu zaidi: timu ikishaangushwa mara 6 inapoteza mpira, na kila baada ya kuangushwa mchezo unatulia kidogo, walinzi wanarudi nyuma mita 10, mistari miwili inajipanga upya. Mchezaji anavuta pumzi na anapata muda wa kuona.

Sasa ufute mstari huo. Kandanda ya Kiaustralia haina kuotea kabisa. Kila timu ina watu 18 uwanjani, na uwanja wenyewe ni duara refu ambalo urefu wake unaweza kufika mita 185. Unaruhusiwa kusimama popote, hata chini ya nguzo za wapinzani mpira ukiwa bado uko kwenu. Mwenzako anaweza kuwa mbele yako, nyuma yako, au mita 60 upande wa pili. Mpinzani naye vivyo hivyo. Unainama kuokota mpira, na bega la mtu linakufikia ubavuni kutoka mahali ambapo raga ilikufundisha kwamba hapana mtu. Wenyewe huuita mchezo wa nyuzi 360, na wanaposema hivyo wanamaanisha shingo isiyotulia.

Inafurahisha kwamba mmoja wa waliouasisi mchezo huu alikuwa mtoto wa raga. Tom Wills alisomeshwa Uingereza katika shule ya Rugby, ileile iliyoipa raga jina lake. Aliporudi Melbourne aliandika barua gazetini mwaka 1858 akitaka wachezaji wa kriketi waanzishe klabu ya kandanda ili miili isilale wakati wa baridi. Mei 1859 yeye na wenzake wachache waliketi katika hoteli moja mjini Melbourne wakaandika sheria. Wills alizipenda baadhi ya sheria za shuleni kwake, wenzake wakataka kitu chepesi zaidi. Sheria ya kuotea haikuingia. Ndiyo maana mchezo huu una miaka zaidi ya 160 ya watu waliojifunza tangu utotoni kucheza pande zote.

Nimesema nitafika kwenye mguu. Chukua mpira wa raga kama unao, au chupa ya plastiki ya lita moja iliyo tupu. Ishike wima mbele ya paja la mguu unaopigia, vidole vimeikumbatia kutoka kando. Tembea hatua tatu, iachie ishuke bila kupinda, uipige kwa sehemu ya juu ya mguu karibu na kamba za kiatu, ncha ya chini ikutane na mguu kwanza. Ikitoka vizuri inazunguka kinyumenyume, kichwa juu kichwa chini, na inakwenda moja kwa moja. Utagundua kwamba kosa halianzii mguuni. Linaanzia mkononi, pale unapoiachia. Mkono ukichelewa kidogo tu, ncha inalala, na mpira unakwenda kwa jirani. Mtoto wa Melbourne hurudia jambo hilo maelfu ya mara uani kwao kabla hajamaliza shule ya msingi, halafu ukubwani analifanya akikimbia kwa kasi, akifukuzwa, akimlenga mwenzake ambaye naye anakimbia. Winga wa raga anaweza kumaliza mechi nzima asipige mpira kwa mguu hata mara moja.

Pasi ya mkono nayo ina mambo yake. Kurusha mpira ni kosa. Unaushika kwa kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono mwingine. Na ukikimbia nao, ni lazima uudundishe au uuguse chini angalau mara moja kila mita 15. Jaribu kuudundisha mpira wenye umbo la yai urudi mkononi, huku mtu mwenye kilo 95 anakukaribia.

Kuhusu pumzi, mchezaji wa kiungo katika kandanda hii hukimbia kilomita 12 au zaidi katika mechi moja. Sehemu kubwa ya mbio hizo anazikimbia akiwa hana mpira, akienda mahali ambapo mpira haujafika. Misuli mizito ya kifua iliyomsaidia mtu kuvunja ukuta wa raga inageuka mzigo, kwa hiyo wanaohamia hulazimika kupunguza uzito na kujenga mapafu upya.

Kuna kitu kimoja tu ambacho Folau alikuja nacho mkononi. Katika kandanda hii, ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka angalau mita 15, kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, mwamuzi anasimamisha mchezo na unapewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Kwa hiyo watu huruka, wengine wakipanda kwa magoti migongoni mwa wapinzani, wakaudake juu. Hilo Folau aliliweza. Kocha wake, Kevin Sheedy, aliyekuwa ametwaa ubingwa mara 4 na klabu ya Essendon, alikuwa na sababu ya kutumaini. Lakini ili uruke ni lazima kwanza uwepo mahali mpira unapotua, na hapo tunarudi kwenye macho.

Basi kwa nini ligi ilimlipa mtu asiyeujua mchezo fedha zote hizo? Hapa itabidi tuitazame ramani. Australia ina mpaka usiochorwa popote ardhini. Mwaka 1978 mwanahistoria Ian Turner aliupa jina la mstari wa Barassi, kwa heshima ya mchezaji na kocha Ron Barassi. Magharibi na kusini mwa mstari huo, yaani Melbourne, Adelaide, Perth na Tasmania, kandanda ya Kiaustralia ndiyo dini ya Jumamosi. Mashariki na kaskazini, Sydney na Brisbane, ni nchi ya raga. Ligi ya kandanda ilianza kuuvuka mstari mwaka 1982, klabu ya South Melbourne ilipohamishiwa Sydney, na mwaka 1987 ikaingiza klabu yenye jina la Brisbane. Kisha ikaamua kuingia ndani kabisa ya ngome: Gold Coast mwaka 2011, na magharibi mwa Sydney mwaka 2012.

Folau alizaliwa Minto, kusini magharibi mwa Sydney, katika familia yenye asili ya Tonga. Mtoto wa palepale. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwa ligi yenyewe, kwa kazi ya kuutangaza mchezo kwa watu wa mtaani kwao. Kwa hesabu hiyo, siku aliyotia saini tayari alikuwa ameanza kuilipa: jina la klabu ambayo haijacheza lilikuwa kwenye kurasa za mbele za magazeti ya raga. Binafsi naona kijana alibebeshwa mzigo mzito. Kutangaza mchezo ni kazi moja, kujifunza mchezo mbele ya kamera ni kazi nyingine, na yeye alipewa zote mbili kwa wakati mmoja.

Hakuwa wa kwanza. Karmichael Hunt, mzaliwa wa Auckland aliyetwaa ubingwa wa raga ya watu 13 na Brisbane Broncos mwaka 2006, alikuwa ameshatangaza mwaka 2009 kwamba anakwenda Gold Coast. Njiani alipitia Ufaransa, akacheza raga ya watu 15 na Biarritz hadi fainali ya Ulaya ya 2010, waliyoipoteza kwa Toulouse 21 kwa 19. Mechi yake ya kwanza ya kandanda ilikuwa Aprili 2011 mjini Brisbane, dhidi ya Carlton. Gold Coast ilifungwa kwa tofauti ya pointi 119. Hakukata tamaa. Alibaki misimu minne, akacheza mechi 44, nyingi akitumika nyuma na kiungo, mahali penye msongamano ambapo ushupavu wa raga bado una kazi.

Na alipata usiku wake. Julai 2012 mjini Cairns, Gold Coast ilikuwa nyuma ya Richmond kwa pointi 4, sekunde zikikatika. Goli katika kandanda hii ni pointi 6, mpira ukipita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati. Ukipita kati ya nguzo ndefu na ile fupi ya kando ni pointi 1 tu. Hunt akaudaka mpira ndani ya umbali wa kufunga, king'ora kikalia, na sheria ikampa haki ya kuupiga hata muda ukiwa umekwisha. Mkono ukauachia mpira sawasawa. Ushindi wa pointi 2, na wenzake wakamrukia wote.

Kama unadhani nalikuza mno hili la macho, watazame watu wa Ireland. Wao hukulia kandanda ya Kigaeli, inayochezwa kwa mpira wa duara. Ungetarajia mpira wa yai uwasumbue kuliko watu wa raga. Jim Stynes alitoka Dublin mwaka 1984, na mwaka 1991 akashinda medali ya Brownlow, inayotolewa kwa mchezaji bora wa msimu. Alicheza mechi 264, kati ya hizo 244 mfululizo bila kukosa hata moja. Tadhg Kennelly wa Kerry alitwaa ubingwa na Sydney mwaka 2005. Si wote waliofaulu, wengi walirudi kwao mapema. Lakini kandanda ya Kigaeli, kama hii ya Australia, haina mstari wa kuotea. Kijana wa Ireland anafika akiwa hajui mpira utadundia wapi, ila anajua watu watatokea wapi.

Muda nao una sehemu yake. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, familia yake ikiwa imekimbia vita vya Sudan, akafika Australia akiwa mtoto. Hakuzaliwa katika nyumba ya kandanda hii, aliikuta ukubwani kidogo. Sydney Swans walimchukua mwaka 2013, na akasubiri hadi 2016 ndipo akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Mwaka 2021, akiwa na Port Adelaide, alitajwa katika kikosi bora cha mwaka cha nchi nzima. Beki huyu anasifiwa kwa kusoma mpira unakoelekea kabla ya wengine. Miaka ile ya kusubiri Folau hakupewa, wala hakuidai.

Alichofanya Folau ni kurudi kwenye mpira usiopasiwa mbele. Alijiunga na Waratahs wa Sydney, raga ya watu 15, ambayo nayo ilikuwa ngeni kwake. Tarehe 22 Juni 2013 mjini Brisbane alivaa kwa mara ya kwanza jezi ya taifa ya raga hiyo, dhidi ya British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, miezi saba tu tangu aondoke kwenye kandanda. Kipindi cha kwanza kilikuwa hakijaisha na alikuwa ameshafunga trai mbili. Ile ya pili aliianzia mbali, akapita upande wa kulia akiwakwepa walinzi mmoja baada ya mwingine hadi pembeni mwa uwanja. Wote walikuwa mbele yake, na wote aliwaona.