Kompyuta Haikutozi Ushuru: Akili Unde na Mzigo Wako Bandari ya Tanga

Tangu meli kubwa zianze kufunga gatini hapa Tanga, badala ya kutia nanga mbali na kushusha mzigo kwenye matishali, wafanyabiashara wengi wa Ngamiani, Muheza, Korogwe na Lushoto waliozoea Dar es Salaam au Mombasa wamegeukia bandari ya nyumbani. Sisi wa forodha tunawakaribisha. Ila pamoja na wateja wapya yamekuja malalamiko ya aina mpya, kuhusu akili unde (AI), na mengi yanafanana: "Akili unde ya forodha imekamata kasha langu." Wengine wameambiwa na mawakala wao wa forodha kuwa mtambo ndio uliopandisha ushuru, na kwamba hakuna binadamu wa kuulizwa. Binadamu wapo, na dawati lipo wazi saa za kazi.

Uvumi huu una chanzo. Kampuni kubwa za usafirishaji na maduka makubwa duniani kweli zinatumia akili unde kukisia bidhaa gani itaisha lini, kasha lipi lipangwe juu ya lipi, na meli itaingia siku gani. Hili la mwisho ndilo linalowagusa zaidi waagizaji wa Tanga. Meli yenye ujazo wa tani 300 au zaidi ikiwa katika safari ya kimataifa inatakiwa kubeba kifaa kinachotangaza mahali ilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Kompyuta huzikusanya ishara hizo, ikazichanganya na hali ya hewa na foleni za bandarini, kisha ikatoa tarehe. Siku nyingi tarehe hiyo huwa nzuri kuliko ile aliyoandika muuzaji.

Huwa nzuri mpaka mambo yabadilike. Mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hesabu zilizojengwa juu ya safari za Suez hazikuwa na mfano wa kuegemea. Na jahazi litokalo Wete, Pemba, na karafuu au magunia ya nazi halimo kabisa katika hesabu hizo. Kwa hiyo mfanyabiashara anayekuja kutuonyesha simu, akidai kwamba programu ilimwambia meli ingeingia Jumatano ndiyo maana hakuandaa nyaraka, atusamehe: nyaraka huandaliwa kabla ya meli, siku yoyote itakayoingia.

Sasa forodha yenyewe. Kuchagua mizigo ya kukagua kwa kutumia kompyuta hakukuanza jana. Tangu TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha ya Tanzania, ianze kutumika mwaka 2014, tamko la mzigo likishawasilishwa hupangiwa mkondo. Kijani, mzigo unaruhusiwa bila kufunguliwa. Manjano, ofisa anapitia nyaraka. Nyekundu, mzigo unakaguliwa. Kilicho kipya duniani ni kompyuta kujifunza yenyewe kutokana na matamko ya zamani, badala ya kufuata kanuni ilizoandikiwa na ofisa. Brazil inatumia mfumo wa namna hiyo, SISAM, tangu 2014, na Shirika la Forodha Duniani lilianzisha mradi wake wa uchambuzi wa data, BACUDA, mwaka 2019. Vigezo vinavyotumika hapa kwetu sitavieleza, na sababu yake inajulikana hata kwa wanaouliza.

Ninachoweza kusema ni hiki. Kupangiwa nyekundu si tuhuma. Mifumo ya aina hii huangalia aina ya bidhaa, inakotoka, historia ya mwagizaji na ya wakala wake, na kwa kawaida huacha sehemu ichaguliwe kwa bahati nasibu ili hata mwenye historia safi asijisahau. Anayeagiza kwa mara ya kwanza hana historia, ndiyo maana hutazamwa zaidi. Kasha likifunguliwa na yaliyomo yakalingana na tamko, jambo limekwisha, na ukaguzi huo unabaki katika kumbukumbu kwa faida yako. Kumpigia simu mtu unayemfahamu "akutoe nyekundu" hakusaidii, na naomba tusiendelee kulizungumza.

Kinachotupotezea muda kuliko yote siku hizi ni matamko yaliyoandaliwa kwa kuuliza programu za mazungumzo kwenye simu. Mtu anaandika "sola panel ushuru wake namba gani", anapewa namba ya uainishaji wa bidhaa 8541.40, anamtumia wakala, wakala anaijaza, mfumo unaikataa, kisha lawama zinatuangukia. Namba hiyo ilikuwa sahihi zamani. Toleo la mwaka 2022 la uainishaji wa bidhaa liliigawa: paneli zilizounganishwa tayari sasa ni 8541.43, seli ambazo hazijaunganishwa ni 8541.42, diodi zinazotoa mwanga (LED) zimepelekwa 8541.41. Simu janja nazo zilipata namba yao, 8517.13, katika toleo hilohilo. Programu ni kama karani aliyesomea kitabu cha zamani: anajibu haraka, kwa adabu, na bila wasiwasi wowote.

Kuna wanaotuletea namba za tarakimu kumi. Hizo ni za nchi nyingine, kama Marekani. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki inatumia nane, na viwango vyetu vya ushuru wa pamoja vina ngazi kuu nne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kukosea namba moja kunaweza kukuhamisha ngazi. Kama huna uhakika, omba uainishaji kwa maandishi kabla ya kuagiza, ukiambatisha maelezo ya kitaalamu ya bidhaa na picha. Na tafadhali, usibandike ankara nzima ya muuzaji wako kwenye programu hizo, pamoja na namba yako ya mlipakodi (TIN) na akaunti yake ya benki. Hujui inakohifadhiwa.

Kuhusu thamani: hakuna mtambo unaojipangia bei. Thamani ya forodha ni bei uliyolipa kweli, ukiongeza nauli na bima hadi bandari ya kuingilia. Kompyuta inaweza kumwonyesha ofisa kwamba bei yako iko chini sana kuliko ya wenzako wanaoagiza bidhaa ileile. Hapo ofisa anakuandikia, anataka ushahidi: mkataba, uthibitisho wa benki, mawasiliano na muuzaji. Ukiuleta na ukaridhisha, bei yako inasimama, hata kama ni ndogo. Usipouleta, zipo njia nyingine tano za kukadiria, zinafuatwa kwa mpangilio uliomo katika Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Wengi wanaolalamika kwamba "mashine imenipandishia" hawakujibu barua hiyo. Baadhi hawakuwahi kuiona, kwa sababu ilibaki kwa wakala.

Hapo ndipo sheria inapouma. Kifungu cha 203 cha sheria hiyo kinasema anayetoa tamko la uongo au lisilo sahihi anatenda kosa, na akitiwa hatiani anaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Soma tena: lisilo sahihi. "Niliambiwa na programu" si utetezi. Wakala anabeba wajibu wake binafsi chini ya kifungu cha 147, na mwenye mzigo anawajibika kwa matendo ya wakala aliyemteua chini ya kifungu cha 148. Ushuru uliopungua hudaiwa hata baadaye, na usiolipwa kwa wakati huongezeka riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kumbukumbu zako zitunze miaka mitano.

Mzigo unatakiwa kutolewa tamko ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Siku hizo hazisimami kwa sababu unabishana na wakala wako, na gharama za kuhifadhi kasha nazo hazisimami. Wanaovuka na bidhaa ndogo Horohoro, mpakani na Kenya, wana njia nyepesi: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hutumia cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotolewa hapohapo mpakani. Hakihitaji programu yoyote.

Usiporidhika na uamuzi, uwe ulitokana na kompyuta au la, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 za kuomba mapitio kwa Kamishna wa Forodha. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi akitoa sababu. Asipojibu, ombi linahesabika kuwa limekubaliwa. Ukishindwa hapo, kuna rufaa ya kodi. Ombi liandikwe, lisainiwe, litaje namba ya tamko, uamuzi unaoupinga na sababu zako, na liambatane na nakala za ankara, hati ya shehena na malipo. Ujumbe wa WhatsApp kwa ofisa si ombi la mapitio. Barua isiyo na namba ya tamko tunairudisha, na wakati inarudi, zile siku 30 zinaendelea kuhesabiwa.