"Imelika": Imeliwa na Nani?

"Panchi imelika." Nimelisikia tena juzi, safari hii likisemwa juu ya panchi (kile chuma cha kutobolea mabamba) yenye pengo waziwazi kwenye kona. Jamani, pengo si kulika.

Maana kwanza, tuimalize. Katika ukataji wa mabamba ya chuma kwa vipimo vya karibu, kulika ni makali kupoteza umbo lake kidogo kidogo kwa msuguano na mgandamizo wa kila mkato. Panchi inashuka, inalibana bamba dhidi ya dai, kifaa chenye tundu kilicho chini, bamba linapasuka, kipande kinaanguka. Baada ya maelfu ya mikato, kona iliyokuwa kali imeviringika.

Sasa neno lenyewe. Kulika limetoka kwenye kula, na hiyo -ik- ndiyo ya kuvunjika na kumwagika. Umbo hilo halimtaji mlaji, lakini yupo. Mlaji hapa ni bamba, lile lile tunalodhani ndilo linaloliwa: chembe ngumu zilizomo ndani yake, na magamba yaliyo juu yake, huisugua panchi kila inapopita. Butu ni kitu kingine. Butu ni hali, na kulika ni njia mojawapo ya kuifikia. Kisu kipya ambacho bado hakijatiwa makali ni butu, na hakijalika hata kidogo.

Kinachoniudhi zaidi ni habari ya stenlesi na alumini. Huko mara nyingi panchi haipungui, inaongezeka! Punje za bamba hunata ubavuni mwake, hurundikana, kisha hukwaruza kila tundu linalofuata. Wataalamu huihesabu hali hii katika ukoo wa uchakavu, nami nakubali, maana punje hizo zikibanduka huweza kuondoka na nyama ya panchi. Lakini ukiita kulika utakimbilia jiwe la kunolea, wakati dawa ni mafuta, ubavu uliong'arishwa vizuri na mwanya wa kutosha kati ya panchi na dai.

Na lile pengo? Hiyo ni kumeguka. Chanzo huwa panchi na dai kutolingana katikati, au chuma cha kifaa kuwa kigumu mno kwa kazi hiyo. Noa upendavyo, kama hukurekebisha chanzo, itameguka tena.

Mwanya kati ya panchi na dai, kwa chuma laini, mara nyingi huwa asilimia 5 hadi 10 ya unene wa bamba kwa kila upande. Bamba la milimita 2 lina mwanya wa milimita 0.1 hadi 0.2 tu. Kona ikiviringika kwa kiasi kama hicho, ufa hauanzii tena kwenye ncha, unaanzia ubavuni, na nyuma yake unabaki ule ukingo uliochomoza unaokata vidole.

Ukingo huo ndio wa kuuangalia kabla ya kutamka "imelika". Okota kipande kilichoanguka. Ukiwa umechomoza kwenye kipande hicho, makali ya panchi ndiyo yaliyolika. Ukiwa umelizunguka tundu lililobaki kwenye bamba, iliyolika ni dai, na panchi unaisingizia.