Don Williams: yanayosemwa na yaliyo kweli

Don Williams alikuwa mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani. Haya ni madai yanayosikika sana juu yake, kila moja na jibu lake.

"Nyimbo zote alitunga mwenyewe."

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na inawanyima haki watu waliokesha wakiandika. Kutunga alijua. Kampuni ya Jack Clement mjini Nashville ilimwajiri kwanza kama mtunzi, na wimbo wa kwanza uliomwingiza kwenye chati za kantri akiimba peke yake, "The Shelter of Your Eyes", ni wake. "Love Me Over Again" ni wake pia, na "Till the Rivers All Run Dry" aliutunga pamoja na Wayland Holyfield.

Lakini kati ya nyimbo zake 17 zilizofika namba moja katika chati ya kantri ya Marekani, nyingi zilitoka kwa wengine. "You're My Best Friend" ni wa Holyfield. "Say It Again" ni wa Bob McDill, kama ulivyo "Amanda", ambao hata hivyo mwimbaji Waylon Jennings ndiye aliyeupeleka namba moja mwaka 1979. "I Believe in You" ni wa Mwingereza Roger Cook na mwenzake Sam Hogin. "Tulsa Time" uliandikwa na Danny Flowers, mwanamuziki wa bendi ya Don mwenyewe. Kipaji kikubwa cha Don, kwa maoni yetu, kilikuwa kuchagua: alijua wimbo upi unafaa sauti yake na upi auache.

Kama una santuri, soma maandishi madogo chini ya jina la wimbo, hapo ndipo mtunzi anapotajwa. Kanda iliyonakiliwa nyumbani hubaki na jina la mwimbaji tu, na mkanganyiko huanzia hapo.

"Alikufa kwa ajali ya ndege."

Huyo ni Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa kantri, aliyeanguka na ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964. Wote wawili walikuwa na sauti nzito ya upole, ndiyo maana watu huwachanganya. Don alizaliwa Floydada, Texas, tarehe 27 Mei 1939, akafariki kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 8 Septemba 2017, akiwa na miaka 78.

"Ni ndugu yake Hank Williams."

Hapana. "Good Ole Boys Like Me" unawataja Hank na Tennessee Williams, mwimbaji na mwandishi wa tamthilia, na msikilizaji hudhani Don anasimulia ukoo wake. Wimbo huo nao ni wa McDill.

"Nyimbo zake ni rahisi, yeyote anaweza kuzipiga."

Vidole havitapata shida. "Tulsa Time" una kodi (chords) mbili tu za gitaa, yaani noti zinazopigwa pamoja: ukiupiga katika ufunguo wa E, unahitaji E na B7. Kazi iko kwenye kujizuia. Bendi nyingi huongeza kasi kufikia ubeti wa pili, mpiga ngoma anapiga kwa nguvu, mwimbaji naye anapaza sauti ili asikike, na wimbo umekwisha hapo. Punguza ngoma na besi kwanza, kisha mwimbaji asogee karibu na maikrofoni, aimbe kama anayezungumza na mtu mmoja.

Don aliimba chini sana. Sauti yako isipofika huko, usirukie oktava ya juu. Funga kapo, yaani kibanio cha shingo ya gitaa, kwenye nafasi (fret) ya tatu na uendelee na vidole vya E: sasa uko katika G, na bado unasikika mtulivu.

"Aliacha muziki mwaka 2006."

Aliaga kweli mwaka huo, kisha akarudi jukwaani mwaka 2010, mwaka alioingizwa kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Albamu ya And So It Goes ikatoka 2012, Reflections ikafuata 2014. Alistaafu moja kwa moja Machi 2016, baada ya upasuaji wa nyonga.

"Hakuwahi kukanyaga Afrika."

Alikuja. Mwaka 1997 aliimba Harare, Zimbabwe, na onyesho hilo likarekodiwa na kutolewa kwa jina Into Africa. Anayetaka kujifunza namna ya kuimba taratibu mbele ya ukumbi uliojaa aanzie hapo.