Ulianza kuumwa saa ngapi?

Mgonjwa akiniambia, "Daktari, nina mafua," swali langu la kwanza ni hili: ulianza kuumwa saa ngapi? Siulizi siku, nauliza saa. Mwenye mafua ya kawaida hubabaika kidogo. Juzi koo lilikuwa linawasha, jana pua ikaanza kuchuruzika, leo ndiyo hivi. Mwenye influenza wala hafikirii: "Saa nane nilikuwa mzima, saa kumi nikashindwa kuinuka kitini."

Neno "mafua" tumelibebesha mizigo miwili. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Influenza ina virusi vyake. Homa hupanda ghafla, mwili ukatetemeka kwa baridi, kichwa kikagonga, kikohozi kikavu kikaingia, na uchovu unaweza kukuganda wiki mbili. Watoto wengine hutapika na kuharisha. Makamasi, ambayo wengi huyafanya ushahidi, huenda yasionekane sana.

Halafu kuna yale maumivu ya mgongo na mapaja, kama mtu aliyepigwa. Wagonjwa hudhani kirusi kimeingia kwenye misuli. Kwa kawaida hakifiki huko, makazi yake ni njia ya hewa. Kinachokuumiza ni kinga yako mwenyewe, inayomwaga kwenye damu kemikali za kuita msaada, na mwili mzima ukazisikia.

Kirusi chenyewe ni kidogo mno, upana wake ni kama nanomita 100, na ganda lake limejaa miiba ya aina mbili. Hemaglutinini, yaani H, hushika sukari fulani iliyo juu ya seli na kukipa kirusi njia ya kuingia. Nyuraminidasi, yaani N, ina kazi wakati wa kutoka: virusi vichanga vikichomoza hunasa kwenye sukari ileile, na N huikata kama mkasi ili vitoke. Majina kama H1N1 na H3N2 yametokana na miiba hiyo. Dawa ya oseltamivir huubana mkasi huo. Ndiyo maana nataka ianze ndani ya saa 48 tangu dalili zitokee. Ukichelewa, virusi vingi vimeshatoka na faida yake hupungua.

Kwa nini basi mtu augue influenza tena, na mwili ulishapambana nayo? Influenza aina ya A na B hubeba vinasaba vyake katika vipande 8 vya RNA, yaani kemikali inayobeba maelekezo ya kirusi, na huvinakili kwa haraka bila kukagua makosa. Makosa hayo huibadilisha miiba kidogokidogo, kingamwili za zamani zikashindwa kuitambua. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hupitia mchanganyiko wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kizio cha kaskazini na Septemba kwa kile cha kusini.

Aina ya A ina hila nyingine mbaya zaidi. Virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya seli moja, tuseme ya nguruwe, huweza kubadilishana vipande kama wachezaji wa karata. Kirusi cha H1N1 cha mwaka 2009 kilikuwa na vipande vyenye asili ya nguruwe, ndege na binadamu.

Kuambukiza huanza siku moja hivi kabla hujajisikia vibaya, kwa hiyo kumlaumu aliyekuambukiza si haki.

Wengi hupona kwa kupumzika, kunywa maji ya kutosha na parasetamoli. Mtoto asipewe aspirini, kwani pamoja na influenza huweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo. Antibiotiki haziui virusi, nami hukataa kuziandika hata nikibembelezwa.

Ninayemhofia zaidi ni yule aliyeanza kupata nafuu, akaoga, akala, kisha siku ya tano au ya sita homa ikarudi, makohozi yakageuka rangi na pumzi ikawa fupi. Mara nyingi huyo ameingiliwa na bakteria kwenye mapafu yaliyokwisha kujeruhiwa na virusi. Huyo namtaka siku hiyohiyo, na zile antibiotiki nilizomnyima mwanzoni ndizo nitakazomwandikia.